Binti yangu hakuugua ghafla

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa picha ya kijana aliyepanda juu ya paa la kibanda sokoni, amevua shati, anahutubia watu. Chini ya picha mkaandika "kichaa", na ndani ya habari mkasema alikuwa mtoto mtulivu, amemaliza kidato cha sita, kisha "ghafla" akarukwa na akili. Hilo neno kichaa nitalirudia mbele nafasi ikiruhusu. Lililonifanya niache kazi niandike ni "ghafla".

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 54, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Nina binti mwenye ugonjwa wa bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi na kumshusha. Kwetu hakukuwa na ghafla. Kulikuwa na miezi mitatu, tukaiona yote kwa macho yetu, tukaipa majina mengine.

Ameniruhusu kuandika kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mtu wa kuonewa huruma. La kwanza ni jepesi.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mwishoni mwa Januari 2023. Alikuwa na miaka 17, akapata daraja la pili. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje na mwiko mkononi. Mwenyewe akaitazama simu, akasema "haya", akarudi kitandani akageukia ukutani. Akakaa hivyo mpaka Machi. Misuko aliyosukwa Novemba kwa ajili ya mtihani ilikuwa bado kichwani Februari. Kuoga mpaka asukumwe. Chakula anakichokonoa tu. Nilimwambia maneno ambayo leo yakinijia nikiwa kazini huwa nasimamisha cherehani na kutoka nje kidogo: kwamba wenzake wanauza maandazi, yeye amelala kama bibi harusi wa fungate. Jina tulilolipa lilikuwa uvivu.

Mwanzoni mwa Machi shangazi yake akampeleka zahanati. Akapewa amitriptilini, za kumtuliza mawazo na kumpa usingizi. Hakuna aliyeuliza kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, wala kama kwenye ukoo yupo mtu wa hali hiyo. Nasi hatukusema, maana hatukujua kuwa ni jambo la kusemwa. Yupo. Ami yangu, nilipokuwa mdogo, alikuwa na miezi ya kutembea usiku kucha akiimba na kununua maembe ya gari zima, na miezi ya kukaa barazani bila kuitikia salamu. Kila mtu alimjua, na hakuna aliyejua ana nini. Alikufa na siri yake.

Ramadhani ikaingia wiki ya mwisho ya Machi, na binti yangu akafufuka. Alikuwa wa kwanza kuamka daku. Anafagia uwanja, anasali tarawehe, anarudi kusoma Kurani mpaka alfajiri, na kukicha halali. Kufika kumi la pili alikuwa analala kama saa mbili kwa usiku, na yu mkavu kama aliyetoka likizo. Mimi nikikosa usingizi usiku mmoja tu nashonea mkono wa kulia kushoto. Kama kuna alama moja ningependa mzazi mwenzangu aikariri, ni hiyo: mtoto halali na wala haonyeshi kuudai usingizi. Mwenye mawazo anajigeuza kitandani anautafuta usingizi hauji. Huyu wa kwetu hakuwa na habari nao.

Jina tulilolipa safari hii lilikuwa ibada. Nilijigamba msikitini. Mzee mmoja akaniambia huenda mtoto ameonja Lailatul Kadri, ule usiku mtukufu wa mwishoni mwa Ramadhani, mapema.

Akaanza kuja kibandani kunisaidia, nami ni msimu wa Idi, kazi zimenifika shingoni. Hiyo nayo nikaiita bidii. Maneno yalimtoka yanagongana mlangoni. Akianza habari ya kola anaishia kwenye mpango wa kufungua maduka kumi na mbili mpaka Maskati, alipo mama yake mdogo. Anapigia simu watu wa Maskati saa nane za usiku. Baadaye nikaja kujua alikopa pesa kwa simu tatu: yake, ya mama yake na yangu. Ukimkatiza anawaka, na dakika ile ile anakukumbatia. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa kuhesabu chenji mara mbili.

Usiku wa kuamkia Ramadhani ya 26 nilimwachia ufunguo. Asubuhi nikakuta mlango wazi na taa inawaka. Vitambaa vya wateja kumi na mmoja, kila kimoja na karatasi yake ya jina na pini, vilikuwa vimekatwa vyote. Vipande vimepangwa sakafuni kwa rangi, kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, kama mkeka. Zile karatasi za majina amezibandika ukutani kwa mstari mmoja. Juu ya meza kulikuwa na kitenge cha kijani chenye tausi, yadi sita, mama mmoja alikileta kwa ajili ya sikukuu. Kila tausi alikuwa amekatwa peke yake, kufuata manyoya, na wote wamepangwa wakielekea kibla.

Mikato ilikuwa mizuri, Mhariri. Imenyooka kuliko ya kwangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

"Baba," akaniambia, "nimewafungua."

Nikampiga kofi. Sikuwa nimemgusa tangu yuko darasa la tatu.

Kesho yake alfajiri akatoka peku, dereva mmoja wa bodaboda akamkuta njia ya Raskazone anagawa pesa zilizobaki, akamrudisha, akakataa hata nauli. Hapo ndipo majirani wakasema "ghafla". Hapo ndipo ungefika mwandishi wako na kamera.

Shehe wa kwanza tuliyemwita alimsomea, akamwangalia kwa muda, akasema: "Huyu mpelekeni hospitali, nami nitaendelea kumwombea." Alikuwa ametuambia kila kitu. Hatukumsikia, tukatafuta mwingine. Huyo alikuwa na kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na ubani wa kufukiza, na jina la jini na kabila lake, na akatugharimu shilingi 180,000. Idi tuliila mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa kwa nje. Siandiki hili kuwasema masheikh. Nasema tulipoteza wiki mbili, na katika wiki mbili hizo mtoto hakulala.

Ujirani mzima uliuliza bangi. Hajawahi kuigusa. Daktari alinieleza kweli bangi inaweza kuuamsha ugonjwa huu kwa mtu aliyeelekea kuupata, na kuuzidisha kwa aliye nao, kwa hiyo swali si baya. Baya ni kuliuliza kisha usisubiri jibu. Na ninaamini angekuwa mvulana, asubuhi ile ya Raskazone angeishia mahabusu, siyo nyuma ya bodaboda.

Hospitali walimlaza, wakamchoma haloperidoli ya kumtuliza. Siku ya pili shingo ikampinda upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje ukakakamaa. Dada wa mke wangu akapiga ukelele: jini limejitokeza hadharani! Tayari alikuwa anakusanya khanga tuondoke. Muuguzi, mama mmoja mtu mzima, akaja bila haraka, akasema hii ni misuli, dawa imeibana, inatokea sana kwa vijana. Akamchoma sindano nyingine ya kuilegeza, na kabla ya nusu saa shingo ilikuwa imerudi mahali pake, mtoto anaomba uji. Alituambia familia nyingi hutoroka na mgonjwa wao saa hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kiatu kimoja mguuni. Ndiyo maana naliandika: kama mtu wako amechomwa dawa ya namna hiyo akapinda shingo, mwite muuguzi mbio, usiite mganga.

Daktari alinikalisha wiki ya tatu. Swali lake la kwanza lilikuwa usingizi wake ulianza kupungua lini. Sikujua, lakini nilikuwa na daftari la vipimo. Nimezoea kulitembeza, lina tarehe ya kila nguo. Tukalifungua, tukafuata mwandiko wake siku alizonisaidia: kwanza herufi zake za shule, ndogo na safi, halafu kubwa, halafu mistari haitoshi, halafu anaandika pembeni na juu ya jalada. Daktari akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja, akasema ilianzia hapa. Ilikuwa siku kumi na nane kabla ya vile vitambaa.

Alichonieleza nitakisema kwa maneno yangu. Ugonjwa una pande mbili, kupanda na kushuka, na katikati kuna siku za kawaida, hata miezi au miaka. Kwa wengi unaanza ujana, mwishoni mwa shule au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na mara nyingi unaanza kwa kushuka, ndiyo maana watu huona sonona peke yake. Kushuka kukishika wiki mbili mfululizo, kutwa, karibu kila siku, na kukala hamu ya chakula, ya watu na ya mambo aliyoyapenda, usikuite tabia. Kupanda kukifika wiki, au kukimfikisha mtu hospitali kabla ya wiki, ndiyo hali ile kali. Kuna kupanda kwa kadiri, siku nne hivi na kuendelea, ambako kwa nje kunafanana sana na mtoto aliyeamua kujituma. Kijana yeyote hununa na hucheka, asubuhi hivi jioni vile. Hapa unatazama siku zilizofuatana, na unamlinganisha na alivyokuwa yeye mwenyewe, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, kwa hiyo nikamwambia habari za ami. Aliandika. Akauliza na zile amitriptilini. Akanieleza kuwa dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye bipola zinaweza kumrusha juu, na kuwa usiku wa kukesha nao unaweza. Kwetu vilikutana vyote viwili. Hakuapa kuwa kipi kilichotangulia, na nilimheshimu kwa hilo.

Kuhusu dawa naomba nafasi kidogo, maana wazazi tunazipokea kama tunavyopokea risiti. Ipo inayoitwa valproeti, inatolewa pia kwa kifafa. Kwa binti yangu daktari aliikataa, kwa kuwa mwanamke akipata mimba akiwa anaitumia inaweza kumharibu mtoto tumboni, pamoja na uti wa mgongo. Mwenye binti anayeitumia asiikatishe ghafla (hapo neno lenu linafaa). Aende amuulize daktari. Ipo lithiamu, ambayo ni aina ya chumvi. Daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyeandika mwaka 1949 kuwa inawatuliza wagonjwa wa kupanda, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa zaidi, ila inataka damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo ziangaliwe, na mwili usikaukiwe maji. Mwenye kuitumia asifunge Ramadhani bila kuongea na daktari, na asijinunulie diklofenaki au ibuprofeni za kichwa, zinaipandisha kwenye damu mpaka iwe sumu. Kwetu upatikanaji wake ulikuwa wa shida, tukaanza na olanzapini, kidonge kimoja usiku.

Olanzapini inaleta njaa na inanenepesha. Kwa msichana wa miaka 18 hilo si dogo, na daktari akilitaja kwa sekunde mbili hakumtendea haki. Tangu wakati huo nguo zake naziachia nafasi kubwa ndani ya mshono. Zikibana, usiku naziachia, asubuhi anazikuta zimetoshea. Hatujawahi kulizungumza.

Mwaka ule ule akaenda kidato cha tano, shule ya bweni. Prepo mpaka saa tano usiku, kengele saa kumi alfajiri. Nilikwenda na barua ya daktari kuomba alale saa tatu na nusu. Nikaambiwa shule haina upendeleo. Anayevunjika mguu anapewa kitanda cha chini, na hakuna anayeita upendeleo, lakini sikuwa na ujasiri wa kulisema siku ile, nimelipata leo. Matroni alitusaidia kimya kimya, Mungu amlipe. Ila vidonge vinaonekana, na mabweni yana macho. Mwaka uliofuata, Februari, binti akaviacha. Sababu alizonipa baadaye zilikuwa tatu: amepona, wenzake wanamwita wa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, na ya tatu aliisema ameinama, kwamba alikuwa anazikumbuka zile siku za kupanda. "Nilikuwa mzuri sana, Baba." Mhariri, ugonjwa wenye siku ambazo mgonjwa anazitamani ni ugonjwa mgumu kuuacha.

Hakupanda. Alishuka. Likizo ya Juni alimpa mdogo wake viatu vyake vizuri na baibui ya sikukuu, akasema havimtoshi. Mimi ndiye niliyeishona ile baibui, najua inamtosha. Usiku huo nikakaa naye jikoni nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Ulimi ulikuwa mzito, nikiogopa kwamba nikimuuliza nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Akasema ndiyo. Akalia, kisha akala, mara ya kwanza siku ile. Vidonge vyote vya nyumba, pamoja na vya presha vya mama yake, nilivifungia kwenye droo ya cherehani, nikalala mlangoni kwake, asubuhi tukawa hospitali. Daktari akaniambia kuuliza hakutii wazo, kunafungua mlango.

Lakini mjue kwa nini familia zinanyamaza. Kwa sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi lile, nusu ya akili yangu ilikuwa inatunga uongo wa kumwambia polisi akija. Wenzetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao cha aina hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Hilo gazeti lako lingeweza kulifuatilia ukurasa wa mbele, pale pale mlipomweka kijana wa paani.

Daftari sasa lina kazi mbili. Mbele ni vipimo vya wateja, nyuma ni saa za usingizi wa binti: 7, 8, 7, 6 na nusu. Zikishuka chini ya tano usiku mbili mfululizo, tunapiga simu kwa daktari. Makubaliano haya aliyaandika mwenyewe siku zake za kawaida, na alama zake akaziorodhesha: kusema na simu baada ya saa sita, kukopa, herufi kubwa, "na nikianza habari za Maskati". Akaweka sahihi, nami nikaweka. Siku hizi ameongeza safu yangu. Wiki iliyopita kaandika: "Baba saa 4, usiku wa pili. Apelekwe." Alipoteza mwaka mmoja wa shule, kidato cha sita akakimaliza nyuma ya wenzake, na sasa yuko chuo, chuo gani sisemi.

Nirudi kwenye kichaa. Bara wakitukanana wanasema Mirembe, Unguja wanasema Kidongo Chekundu, Nairobi wanasema Mathari, na sisi wa Tanga tulitishwa utotoni na Lutindi, kule milimani Korogwe. Vyote ni vituo vya tiba; tumevifanya matusi, kisha tunashangaa kwa nini mtoto anapelekwa huko akiwa amechelewa. Huyo kijana wenu atapata dawa, atalala, atarudi kwenye akili zake, na siku moja atakwenda kuomba kazi. Aliye mbele yake mezani atakuwa na ile picha kwenye simu. Mngeweza kuufunika uso. Mngeweza kuandika "mgonjwa", ni neno lenye herufi saba tu. Na mngeweza kwenda kwao mkamuuliza mama yake mwanawe amekuwa akilala kwa saa ngapi tangu mwezi uliopita. Nina hakika asingesema ghafla.

Jambo la mwisho, la biashara. Wateja kumi kati ya kumi na mmoja nimemalizana nao: nimewalipa vitambaa vyao, wengine kwa awamu, isipokuwa wawili waliokataa pesa. Aliyebaki ni mama wa kitenge cha kijani chenye tausi. Alikuja siku moja tu, akaona vipande, akaondoka bila neno, na namba aliyoniachia haipatikani. Binti ameshona tausi wake wote kwenye shuka moja, mstari kwa mstari. Na kitenge kizima cha aina ile ile nimekipata, kipo kabatini. Kama anasoma gazeti hili, aje achague, au achukue vyote.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina na simu yangu mnavyo)